Nyumba ya Kupanga

Mkataba ulikuwa na mistari sita,
wa nne umepigiwa wino mwekundu:
HAKUNA KUGONGA MISUMARI.
Bwana Onchiri, mlinzi wa ploti, aliusoma kwa sauti,
funguo arobaini zikimlilia kiunoni.

Sikugonga hata mmoja.
Nilipika gundi ya unga wa ngano usiku,
nikaikoroga kama uji wa mgonjwa,
na mifuko ya saruji niliyowaomba mafundi wa jengo la mbele
(wale wale wanaonifungia jua, tofali kwa tofali)
nikaikung'uta, nikaigeuza ndani kuwa nje,
nikalivisha kabati lililoachwa bila milango.
Ukiipaka vanishi, karatasi ile hugeuka ngozi.
Usipoisogelea sana.

Bajeti: elfu mbili na mia tatu, ndani ya bahasha
iliyoandikwa SAMANI kwa mwandiko wa mtu mwenye matumaini.
Rangi, mia nne na hamsini, kopo lisilojaa
kutoka duka la karibu na Taj
(jengo lilibomolewa, jina likakataa kuhama).
Kijani. Mteja alikiagiza, akakiona, akakikimbia.
"Hiki ni kijani gani?"
"Cha kukataliwa," akasema muuzaji. "Ndiyo maana ni rahisi."
Nilikibeba kifuani kama mtoto wa kuokota.

Kioo, bure. Saluni ya Wambere ilifungwa
na vipande vikabaki nje, vikitazama mawingu.
Hapa Pipeline, ghorofa ya tatu,
jua huja kwangu saa tisa na robo,
hukaa dakika kumi na moja, kisha laaga.
Nimelitegea kipande dirishani, kimeshikwa na gundi na dua.
Sasa likiingia linajikwaa, linarukia ukuta wa pili,
linapita juu ya sufuria kama mtu anayetafuta kijiko.
Dakika kumi na tisa.
Nimepima.

Dada yangu Kaari alikuja Jumapili,
akasimama mlangoni, mkoba bado begani.
"Unapamba nyumba ya mtu?
Siku ya kuhama utaubeba ukuta?"
Nilikosa jibu, nikampa msasa.
Alisugua kreti la soda mpaka giza likaingia,
mdomo ukinung'unika, mkono ukikataa kuacha.

Jibu lilikuja ameshaondoka, kama yajavyo majibu:
kupanga ni kulipa kila tarehe tano,
kupanga ni kukiweka kitu pahali pake.
Neno ni moja.
Mimi ninalifanya lote.

Ukuta ulikwenda vizuri hadi karibu na mlango.
Hapo brashi ikasita.
Alama za penseli, moja juu ya nyingine:
Mumo, Machi.
Mumo, Agosti.
Mumo, Januari, na mstari umetetemeka
kana kwamba alichuchumia.
Kisha hakuna.
Sikujua walihamia wapi, wala walihama mchana au usiku.
Nilipaka kijani changu mpaka pale,
nikaruka upana wa kiganja,
nikaendelea.

Saa kumi na mbili jioni mlango uligongwa.
Bwana Onchiri alikuwa amenusa rangi tangu ngazini.
Aliingia bila viatu, jambo ambalo sikulitarajia.
Akaupapasa ukuta akitafuta msumari kwa kidole,
akaukosa, akaendelea kupapasa,
akafika kwenye kile kiganja cha ukuta wa zamani
na hapo akasimama.
"Alikuwa akinihesabia funguo," akasema.
"Kila asubuhi. Alikuwa anaruka kumi na saba."

Tulisikiliza ndege ikishuka kuelekea uwanjani,
vioo vyangu vikitetemeka kidogo.
Kisha akalitazama kopo.
"Imebaki?"
"Kama vikombe viwili."
"Kile chumba changu, chini ya ngazi..."
Hakumaliza.

Nikalifunika kopo kwa gazeti, nikamkabidhi.
"Brashi utairudisha," nikamwambia,
kwa sauti ya mwenye nyumba.